Bunduki ya Njano Kwenye Droo ya Taulo

6 Februari

Mpwa wangu Bisibisi,

Hujambo huko uliko? Sisi huku tunakwenda, wengine kwa miguu, wengine kwa kuvutwa. Mama yako mzima. Jana alipita saluni kunikagua kama kawaida yake, akanikuta nakula, akaridhika, akaondoka. Goti lake limetulia. Soli, yule fundi viatu wa mlango wa pili, anakusalimu. Bado ananiletea chai asubuhi na bado anabania sukari. Mimi mwenyewe sina neno. Vichwa vinaota nywele, kazi ipo.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya kupigiwa. Simu yangu haipo tena, na nimeona nisiharakishe kununua nyingine. Ilikuwa na kelele mno. Sasa masikio yamepumzika.

Nina jambo, si kubwa. Wewe kazi yako ni kutengeneza zile bunduki za kurushiana rangi. Kuna makarani wa kampuni ya mabasi, wateja wangu, ambao kila Jumamosi huenda kwenye kile kiwanda cha matofali kilichofungwa, siku hizi wamekigeuza uwanja wa mchezo huo. Wananisumbua niende nao. Nataka niwe na yangu, siyo ya kuazima. Mtu mzima ambaye hajawahi kushika kitu hicho aanzie wapi? Na je, kwa mbali inafanana na ya kweli?

Mama yako usimwambie. Atasema nimeanza utoto upya.

Mjomba wako, Kinyozi


15 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi mzima, ila mgongo unanidai kwa kuinama mezani. Bosi ameongeza kikosi cha wageni kila wikendi, kwa hiyo Jumatatu karakana yangu hujaa maka zilizotapika rangi ndani kwa ndani. Ndiyo, sisi tunaziita maka. Bosi hataki neno bunduki lisikike hapa. Anasema linawaharibu watu akili.

Barua yako niliisoma mara mbili nikicheka. Mara ya tatu sikucheka, sijui kwa nini. Wewe ambaye fataki za harusi zilikuwa zinakukimbiza uvunguni?

Haya, nitakujibu kama ninavyowajibu wateja. Kwanza usinunue chochote. Nenda uwanjani, kodi, cheza siku moja uone kama mwili wako unaukubali. Kitu cha kwanza cha kununua ni kinyago, siyo maka. Chagua chenye kioo cha tabaka mbili, kisichoshika mvuke, kinachokubana usoni bila kukuumiza. Kidonge cha rangi kikikupiga paja utapata alama ya zambarau na hadithi ya kusimulia. Kikikupiga jicho, hadithi ni nyingine.

Maka zipo za aina mbili. Za umeme zina betri, ni nyepesi, zinapiga haraka, na zinadeka kama mtoto wa kwanza. Za kawaida zina springi na nyundo ndani. Ni nzito, zina kelele, lakini zinamvumilia mwanafunzi. Wewe anza na ya kawaida. Shika kadhaa, uone mkono wako unatulia kwenye ipi. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapo mlipo. Na chukua inayotumia hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Zile za gesi hupoa hadi mipira ya ndani ikakakamaa.

Umeniuliza kama kwa mbali inafanana na ya kweli. Hilo sijaelewa unalitakia nini.

Unalala vizuri, mjomba?

Bisibisi


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nalala kama gogo, usijipe kazi. Mama yako naye ameanza kuniuliza hilohilo, sijui mmelipanga. Mvua imetoboa bati la saluni juu ya kiti cha wateja, kwa hiyo naweka beseni pale wanapopaswa kukaa wao, wao wanakaa ninapopaswa kusimama mimi. Tunaelewana.

Nilikwenda kule kwenye matofali. Nilivaa kinyago cha kukodi chenye harufu ya jasho la ukoo mzima. Filimbi ikalia, wakaanza kupigana, na mimi nikajilaza nyuma ya tairi kubwa. Nikabaki hapo. Mchezo ulipokwisha refa akaja kuniinamia.

"Mzee, umepigwa?"

"Hapana."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa mbona hunyanyuki?"

Nikamwambia napumzika. Wale makarani walicheka wee, nami nikacheka nao.

Nilizishika zote mbili. Ile ya umeme sikuipenda; kifyatulio chake hata ukikipumulia kinalia, na kidole changu siku hizi hakitulii sana. Ile nzito ndiyo. Nitafutie kama hiyo, hata iliyotumika, mradi wewe umeikagua. Iwe nyeusi.

Kazi nzuri. Siku hizi nanyoa kwa mashine tu, wembe nimeupumzisha. Watu wanapenda mashine.

Mjomba


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa kidogo, halafu nikawa na mawazo mengi kidogo. Sasa nipo sawa. Dereva wa mizigo atakuletea boksi pamoja na barua hii. Humo kuna maka, chupa ya hewa, kinyago kipya na kikebe cha grisi.

Maka imetumika, lakini nimeifungua yote mwenyewe na kubadilisha kila ringi ya mpira. Ni ya njano. Nyeusi zilikuwepo. Nimekuchagulia njano.

Sasa sikiliza, haya usiyachezee. Chupa nimekutumia tupu, utajaziwa uwanjani. Shingoni ina tarehe iliyogongwa ya kupimwa tena. Ikipita, usikubali ijazwe. Kabla ya mchezo, wakupimie kasi kwa kile kipima kasi chao, ukizidi wakupunguzie. Ukitoka tu kwenye mchezo, vika mtutu soksi yake. Ile soksi nyekundu siyo pambo, inazuia kidonge kumpiga mtu ambaye hajajiandaa. Nyumbani ondoa vidonge kwanza, kisha fungua chupa, kisha fyatua hewani hadi usikie haina pumzi tena. Ndipo uifungue. Pitisha kitambaa ndani ya mtutu, futa rangi yote, paka grisi hii kwenye ringi kidogo tu, kama unavyompaka mtoto mafuta mdomoni. Grisi hii, siyo nyingine. Vidonge viweke pakavu penye ubaridi wa kawaida, uvigeuze mara moja moja. Vikilala upande mmoja vinapoteza umbo na kupasukia ndani.

Maka ikae tupu. Bila hewa, bila vidonge. Niahidi.

Na wembe umeupumzisha kwa nini? Wewe ndiye uliyesema mashine ni ya kunyolea kondoo.

Bisibisi


14 Aprili

Mpwa wangu,

Boksi lilifika salama. Nimeifungua na kuifunga hadi vidole vimeijua kama kichwa cha mteja wa zamani. Ahsante sana. Mama yako anasema hujampigia wiki nzima; mpigie, maana akikukosa wewe anahamia kwangu.

Nina maswali madogo ya kiufundi tu. Je, ikikaa na hewa ndani, tuseme wiki mbili tatu, mipira inaharibika? Na vidonge vikikaa humo kwenye kapu lake, tayari, vinadumu muda gani? Halafu ile rangi ya njano. Soli amenigawia rangi nyeusi ya viatu, hakuuliza ya nini. Nimeipaka nje, imeshika vizuri. Haidhuru chuma?

Grisi yako ilianguka ikaingia mchanga, basi nikatumia mafuta ya mashine ya kunyolea. Ni mepesi na safi, naona yanafaa.

Uwanjani nilipita tu kujaza chupa na kununua vidonge, kucheza sijaenda tena. Nitakwenda.

Mjomba


19 Aprili

Mjomba,

Leo nisamehe, sina salamu ndefu. Nimeshika barua yako mkono mmoja na kalamu mkono wa pili, na nimekwisha kuchana karatasi mbili.

Mtu anayecheza mchezo hapaki maka yake nyeusi. Mtu anayecheza haiachi na hewa na vidonge wiki tatu.

Mimi najua. Mama alinipigia siku ileile wale majambazi walipokuja saluni, analia. Akaniapisha nisikuonyeshe kwamba najua, kwa sababu ulimwambia ukisikia mtu anakuonea huruma utafunga na kuhama. Nikanyamaza. Ulipoandika kuhusu makarani, nilijilazimisha kuamini. Nilikutumia ya njano nikidhani njano itatosha kusema ninachokiogopa. Haikutosha, basi nakisema.

Iko wapi hiyo maka? Chini ya kaunta? Kwenye droo? Mjomba, wakirudi, wao wana ya kweli. Mtu mwenye bunduki ya kweli akiona nyeusi imemwelekea hatauliza yako inatema nini. Atafyatua. Na wasiporudi wao, ataingia mtu mwingine.

Ondoa hewa leo. Leo. Ondoa vidonge, vika mtutu soksi, mpe mama aifungie kabatini. Halafu niandikie neno moja tu, "Nimefanya", hata usiposema kingine.

Bisibisi


6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Nimemuuliza mama, anasema wewe mzima ila umefunga saluni, na hataki kuniambia zaidi. Anasema, "Mwachie mwenyewe aseme." Mama yangu huyu, ambaye hata bei ya nyanya haimkai mdomoni, leo ananyamaza!

Kazini nimefunga maka moja kinyumenyume mbele ya bosi. Aliniangalia tu, akaniletea maji.

Sikukasirikii. Chochote kilichotokea, niandikie.

Bisibisi


11 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa kukuweka roho juu. Barua yako ya Aprili ilifika siku mbili baada ya jambo lenyewe. Ningeipata mapema, sijui kama ningekutii. Nataka kusema ndiyo, lakini sijui.

Nianzie pale nilipokuficha. Ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa na mteja kitini, shavu moja lina povu. Mlango ukapigwa teke, wakaingia wawili. Mmoja akaniwekea mtutu hapa nyuma ya sikio, pale ambapo mimi humalizia watu kwa wembe. Nikaambiwa nilale chini. Sikuwa nimefagia. Nikalala kifudifudi juu ya nywele za watu, zikaniingia mdomoni, nikaogopa hata kukohoa. Wakachukua simu na vilivyokuwa kwenye droo, wakaenda zao. Hawakunigusa, ndiyo maana niliona sina haki ya kulalamika. Kesho yake nikashika wembe, mkono ukawa unacheza wenyewe, kama wa mtu mwingine.

Makarani hawakunisumbua. Mimi ndiye niliyewaomba wanichukue. Nilidhani nikishika yangu, hata ya rangi, mkono utatulia. Pale nyuma ya tairi nilikuwa na udongo mdomoni na nilijua kabisa kwamba ni udongo, lakini ulimi ulisema ni nywele.

Basi nikaiweka kwenye droo ya taulo. Kila mlango ukilia mkono unaingia kwenye droo. Nilikuwa nanyoa watu kwa mkono mmoja, Bisibisi.

Asubuhi ile ndiyo kwanza nafungua. Mlango ukapigwa teke. Sikuangalia. Nilitoa, nikafyatua, na kile kitu hakikusimama. Nilikuwa nimeachia kifyatulio na bado kinapiga, kinapiga chenyewe, kinatapika kwenye kioo, ukutani, kwenye mlango. Kiliponyamaza nikasikia vikombe vinavunjika.

Alikuwa Soli. Alisukuma mlango kwa mguu kwa sababu mikono ilikuwa imeshika chai, yake na yangu.

Alikuwa amekaa chini, kiganja kimefunika jicho, rangi ya machungwa inamtiririka kati ya vidole. Nikapiga magoti. Unajua alisema nini? Alisema, "Angalia, chai ni ya moto, usiikanyage."

Hospitali wamemfunga bendeji. Daktari anasema ndani ya jicho kulivilia damu, wanasubiri ishuke. Hawajui ataona kiasi gani. Kila siku nakwenda kwake. Nakaa kwenye kile kigoda chake, napokea viatu vya wateja na kuandika majina kwa chaki kwenye soli, maana yeye hawezi kuinama. Hatuzungumzii jambo hilo. Nikianza ananikatiza, "Nipe gundi."

Maka niliondoa hewa na vidonge kama ulivyosema. Iko kwa mama yako. Nimefanya.

Mjomba


18 Mei

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimelia, nimeosha uso, sasa naandika.

Mpe Soli salamu zangu. Mwambie mwenye maka ni mimi. Mimi ndiye niliyeituma. Nilikuwa na shaka tangu barua yako ya kwanza, pale ulipouliza inafanana vipi kwa mbali. Ningeuliza moja kwa moja. Niliogopa kukuudhi, nikaandika habari za grisi.

Kuna kitu nataka ukijue, kwa sababu najua unarudia ile asubuhi kichwani. Ulisema ilikuwa inapiga yenyewe. Hilo halikutoka kwenye kidole chako. Mafuta ya mashine ya kunyolea huvimbisha ile mipira ya ndani hadi inalegea. Hewa imekuwa ikivuja kidogo kidogo, wewe husikii. Hewa ikipungua, nyundo inashindwa kurudi hadi ikamatwe, basi inagonga tena na tena peke yake. Nimeziona nyingi hivyo hapa mezani.

Lakini hewa ikipungua, vidonge navyo vinatoka vimelegea. Mjomba, kama ungepaka grisi niliyokupa, mipira ingekuwa mizima, chupa ingekuwa imejaa, na kidonge cha kwanza kingemfika Soli kwa nguvu yake yote. Nimeona picha za jicho lililopigwa hivyo, bosi amezibandika mlangoni kwetu. Bendeji zisingesaidia kitu.

Sisemi hivi ili ujione una bahati. Nasema kwa sababu ni kweli, na sijui nifanye nini nayo nikiwa peke yangu.

Nakutumia ringi mpya na kikebe kingine. Kama hutaki kuiona tena, mwambie mama aitupe. Kama unaitaka, rangi ya viatu inatoka kwa kitambaa chenye spiriti. Iwe njano.

Na bendeji ikitolewa, niandikie siku hiyohiyo.

Bisibisi


9 Juni

Mpwa wangu Bisibisi,

Marahaba, hujambo? Mama yako anasema utakuja likizo, amekwisha kuanza kufua mapazia. Bati nimelipatia fundi, beseni limerudi uani.

Ile habari ya mafuta nilimsomea Soli. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo nimeokolewa na uzembe wako. Endelea nao."

Maka nimeisafisha. Nyeusi imetoka yote isipokuwa kwenye mikunjo ya kifyatulio. Nimebadilisha ringi mezani kwa mama yako, naye amesimama nyuma yangu kama mlinzi wa benki. Jumamosi iliyopita nilikwenda nayo kwenye matofali. Sikukaa nyuma ya tairi. Nilisimama, nikakimbia hadi kwenye pipa, na karani mmoja akanipiga tumboni kabla sijafika. Inauma kama kofi la mama yako. Niliangalia ile rangi, nikainua mkono, nikatoka. Nilitoka kwa miguu yangu. Maka inalala kabatini kwake, tupu, na ufunguo anao yeye.

Bendeji ilitolewa jana asubuhi. Soli anaona. Herufi za daktari alizisoma zote isipokuwa mstari wa mwisho, na pembeni anasema kuna ukungu, kama kioo cha bafuni. Daktari anasema huenda ukaondoka, huenda ukabaki. Tulirudi kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma njia nzima. Nilidhani ananiaga moyoni.

Tulipofika hakuingia kwake. Aliingia kwangu, akakaa kitini, akafungua shati shingoni.

"Ninyoe."

Nikachukua mashine.

"Siyo hiyo. Wembe."

"Soli, mkono wangu..."

"Nauona. Huo siukosi hata na ukungu wangu."

Nikampaka povu. Nikatia wembe mpya, ukaniponyoka, nikauokota nikauosha, nikachukua mwingine. Mlango nikauacha wazi. Nilishika kidevu chake nikaona kidevu kinatetemeka, kumbe ni mimi. Yeye anaongea tu, habari za bwana mmoja anayeleta viatu vya kushoto peke yake. Nikamwambia anyamaze, nitamkata. Akasema shingo ni yake, ataongea anavyotaka.

Upande wa kulia ulikwenda. Polepole, lakini ulikwenda. Nilikuwa chini ya taya upande wa kushoto pikipiki ilipolia mlipuko barabarani. Mkono uliruka. Nikaona mstari mwekundu unachora kwenye povu. Nikarudi nyuma hadi ukutani na wembe wangu, nashindwa hata kumpa taulo.

Soli alijichukulia taulo mwenyewe. Akajifuta, akasogea kwenye kioo, akalitazama lile jeraha kwa jicho moja, kisha kwa lile jingine. Lilikuwa dogo, refu kama ukucha.

"Haya," akasema. "Tumelipana."

Akarudi kukaa, akainua kidevu.

"Malizia."

Nikamaliza.

Mjomba wako, Kinyozi